Kinyozi Aliyekatazwa Kupuliza

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Upepo, na waliokuwa wadogo kwake wakatanguliza Mzee, kwa adabu. Jina hilo lilitokana na kazi. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa ananyoa vichwa katika chumba kimoja chembamba, kati ya duka la vifaa vya umeme na kibaraza cha fundi viatu, na kila kichwa alikimaliza kwa namna ile ile. Alikung'uta kitambaa, akainama nyuma ya shingo ya mteja, akakusanya pumzi, akapuliza. Fuu! Moja tu, ndefu, kuanzia sikio hili hadi lile. Vinywele vilivyong'ang'ania shingoni viliruka, mteja akatikisa mabega kama aliyemwagiwa maji ya baridi, akainuka mtu mpya.

Wala haikuwa shingo peke yake. Alipuliza mashine kabla ya kuiwasha na baada ya kuizima. Alipuliza kitana, mkasi na kiti. Nyumbani alipuliza miwani kabla ya kuivaa na ufunguo kabla ya kuutia kwenye kitasa. Mkewe alikuwa ameacha kusikia, kama mtu aliyejenga kando ya reli anavyoacha kusikia treni. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pumzi hiyo ina ubaya wowote, mpaka mguu wa mkewe ulipougua.

Ulianza na kidonda kidogo juu ya kifundo, alipojikwaa kwenye ukingo wa ngazi. Kidonda kikajifunga juu, chini kikaendelea na mambo yake. Alipofikishwa hospitali, madaktari walisema vijidudu vimeshafika kwenye mfupa, na dawa ya kuvitoa huko ni ya mshipani, wiki sita, kila siku bila kuruka. Kwa kuwa mshipa hauwezi kutobolewa kila siku kwa wiki sita, alitiwa mrija mwembamba juu ya kiwiko, ukapita ndani kwa ndani hadi karibu na moyo. Nje iliachwa sehemu fupi, imelazwa chini ya plasta ya nailoni, na mwisho wake ulikuwa na kizibo cheupe cha plastiki, kidogo kama ncha ya kidole cha mwisho. Dawa iliunganishwa hapo.

Wiki ya pili, saa sita mchana, jua likiwa kali dirishani, Upepo alimkuta mkewe amejifunika mablanketi mawili na meno yanagongana. Vijidudu vingine, vipya kabisa, vilikuwa vimepita kwenye ule mrija vikaingia kwenye damu. Mrija ulitolewa, mwingine ukawekwa mkono wa pili, na kwa siku nne Upepo alikaa kwenye kiti cha plastiki asijue aifanyie nini mikono yake. Siku ya tano homa ilishuka. Muuguzi wa zamu akaja akasimama mbele yake, akasema bila kuzunguka:

"Baba, kuna aliyeunganisha dawa bila kusugua kizibo inavyotakiwa. Sijui ni mkono wa nani. Wodi ilikuwa imejaa, tulikuwa wawili. Huenda ni wangu."

Upepo hakuyasahau maneno hayo. Kinyozi husikia mengi, na katika miaka yake yote alikuwa amewasikia watu wengi wakisema si mimi, na wachache mno wakisema huenda ni mimi.

Muuguzi huyo wagonjwa walimwita Robo Dakika. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye saa iliyoning'inizwa kifuani kichwa chini miguu juu. Tangu homa ile hakuunganisha kitu chochote kwenye mrija wa mtu bila kusugua kizibo kwa kitambaa cha spiriti kwa robo dakika kamili, macho yake yakiwa kwenye saa. Ukimsalimu katikati hakuitikia. Daktari mkuu akiingia, alingoja. Mwanzoni wagonjwa walimcheka. Baadaye wakaanza kuhesabu naye, kitanda kimoja kikianza na vingine vikipokea, mpaka kumi na tano.

Wiki ya tatu ilipoanza daktari alisema mguu unaendelea vizuri, na mama angeweza kwenda kumalizia dawa nyumbani, ikiwa yupo wa kumhudumia. Watoto wao wawili walikuwa na familia zao katika miji ya mbali.

"Mimi," alisema Upepo.

"Utaweza, mzee?"

"Daktari, mimi nimewekea watu wembe kooni tangu hujazaliwa. Wote walirudi."

Basi Robo Dakika akapewa kazi ya kumfundisha. Wiki ilikuwa hiyo hiyo tu, kwa sababu Ijumaa mchana alikuwa anaondoka kwa likizo ya mwezi mzima, na fomu za wagonjwa wa nyumbani alizisaini yeye peke yake. Akisaini, mama atalala kwake Ijumaa hiyo. Asiposaini, atabaki wodini wiki tatu nyingine.

"Nataka kulala kwenye kitanda changu," mkewe alisema. "Hiki nikigeuka kinalia kuliko mimi. Na dari hii nimeshaimaliza, baba watoto. Ina nyufa tisa. Nyumbani sijui tuna ngapi, sijawahi kuwa na nafasi ya kuhesabu."

Jumatatu Robo Dakika alileta taulo lililokunjwa likawa mfano wa mkono, na juu yake amebandika kipande cha mrija wenye kizibo.

"Huu ni mlango," alisema, akikishika kizibo kwa ncha za vidole. "Mlango mkuu wa hospitali una mlinzi. Huu hauna. Mlinzi ni wewe."

"Kazi nimeikubali. Sare iko wapi?"

Kwenye kitanda cha dirishani alilala bibi mmoja mwenye mguu uliotundikwa, ambaye siku ya kwanza tu alimfanya mke wa Upepo kuwa dada yake, na hivyo akampata Upepo kuwa shemeji wa kutaniwa. Bibi huyo akacheka. Robo Dakika hakucheka.

"Unanawa mikono, viganja, katikati ya vidole, na kucha. Unavaa barakoa. Unafungua pakiti ya kitambaa cha spiriti. Unakibana kizibo hivi, unasugua kama unayefungua chupa iliyogoma. Juu, pembeni, kwenye mikunjo. Kusugua, baba, si kupangusa. Robo dakika. Kisha unakiacha kikauke chenyewe, robo dakika nyingine. Hukigusi. Hukipepei. Hukilazi kwenye shuka. Kikishakauka ndipo unaunganisha. Kwanza maji ya chumvi ya kusafisha njia, halafu dawa, halafu maji ya chumvi tena. Kila unapounganisha, unasugua upya. Ni mara tatu."

Upepo akanawa, akavaa barakoa, akaanza. Robo Dakika alimwangalia na uso wake ukalegea kidogo. Mikono ile ilikuwa mizuri kuitazama. Haikutetemeka wala kupapasa. Vidole vilikibana kizibo kama vilivyozoea kubana ndewe ya sikio la mtu, na kitambaa kilizunguka kwa nguvu iliyo sawa, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Akaondoa kitambaa.

Fuu!

Barakoa ilituna mbele kama shavu la chura, ikarudi.

"Baba, umepuliza."

"Nimepuliza nini?"

"Kizibo."

"Mimi? Hapana, binti yangu. Wewe ulikuwa unaangalia saa."

"Shemeji," bibi wa dirishani alisema, "huku kwangu pazia limetikisika!"

Mkewe alikuwa ameshajifunika shuka usoni, na shuka lilikuwa linacheka.

"Haya, hata kama nimepuliza, si nina barakoa?"

"Barakoa si ukuta. Na siku utakayoisahau? Mdomo wa mtu, hata aliyepiga mswaki sasa hivi, umejaa vijidudu. Tena spiriti inafanya kazi huku inakauka. Ukiikausha wewe, umeifukuza kazini kabla ya kumaliza zamu. Anza upya."

Alianza upya mara saba siku hiyo, na mara saba alipuliza. Mara ya sita alijibana sana. Alikitazama kile kizibo kikikauka sekunde baada ya sekunde, akafika mwisho, akaona kweli ameshinda, akashusha pumzi ya furaha, na pumzi ile ya furaha ikatoka fuu.

Jumanne asubuhi, kabla ya kufungua duka, alimwendea fundi viatu. "Jirani, leo kila ukinisikia napuliza, nigongee nyundo."

Fundi viatu hakuwa mtu wa kunyimwa raha kama hiyo. Hadi adhuhuri nyundo ilikuwa imelia mara thelathini na moja, na mwanamke mmoja mpita njia akasimama kuuliza kama kuna sherehe. Upepo alinunua brashi mpya laini, akaapa kwamba shingo za watu atazifuta kwa brashi. Mteja wa saa saba alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa kila wiki mbili, siku ile ile, kiti kile kile. Upepo akamnyoa, akamfuta shingo kwa brashi, akakung'uta kitambaa.

"Tayari, Mwalimu."

Mwalimu hakuinuka.

"Nimemaliza."

"Bado."

"Nywele zote zimetoka. Tazama."

"Nimeona zimetoka." Wakatazamana kwenye kioo. "Miaka ishirini nakuja hapa, Mzee Upepo. Brashi hata kwangu ipo."

Dakika ikapita. Nyuma yao wawili waliokuwa wakisubiri zamu walianza kukohoa. Upepo akaangalia mlangoni, akainama, akapuliza. Mwalimu akatikisa mabega, akashukuru, akaondoka. Nje nyundo ikalia kwa nguvu, tako!

Jioni hiyo mkewe alimpigia simu. "Nimepata dawa yako. Jaza maji mdomoni. Mwenye maji mdomoni hapulizi."

Akajaribu palepale jikoni, kwa kusugua mpini wa kijiko, na kweli, hakupuliza. Akajaribu tena, vizuri kabisa. Usiku alilala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Jumatano aliingia wodini na chupa ya maji mfukoni. Mlangoni alivuta funda kubwa, akafunika kwa barakoa, akaja kitandani akiwa amenyooka kama askari wa gwaride.

"Hujambo, baba?" alisema Robo Dakika.

"Mmh."

"Umeamkaje?"

"Mm-mh."

"Vizuri. Leo nataka unieleze kila hatua kwa mdomo huku unaifanya. Anayejua huwa anaweza kueleza. Tunaanza na nini?"

Macho ya Upepo yakapanuka juu ya barakoa. Akaonyesha mikono yake. Akaigiza kunawa.

"Kwa mdomo, baba."

"Shemeji," bibi wa dirishani alidakia, "mbona mashavu hivyo? Ulikuwa unafundishwa tarumbeta huko ulikotoka?"

Mkewe ndiye aliyeanza. Kilikuwa kicheko cha puani, kilichokuwa kimezuiwa tangu mlangoni, na kilipopasuka kikamvuta na mumewe. Upepo alijitahidi, Mungu anajua, lakini mtu hawezi kucheka na kushika maji. Maji yakatoka juu ya barakoa na chini ya barakoa, yakalowesha shati, taulo, meza, na pakiti sita za vitambaa vya spiriti. Wodi nzima ikalipuka.

Robo Dakika akaitazama saa yake kifuani, kama anayetafuta msaada. Halafu akageukia ukuta, na wote wakaona mabega yake yanatikisika. Wagonjwa wa muda mrefu walisema baadaye kwamba hilo hawakuwahi kuliona. Alipogeuka tena macho yalikuwa yamelowa, lakini uso umesharudi mahali pake.

"Baba, sikiliza. Ijumaa asubuhi hutafanya kwa taulo. Utafanya kwa mama mwenyewe, na mimi nitasimama hapa. Ukipuliza hata mara moja, nitakusukuma pembeni na sitasaini. Nakuheshimu kama mzazi wangu. Lakini sitasaini."

Alhamisi Upepo alikuja bila utani. Alivuta kile kiti cha plastiki, akakaa, akainamisha kichwa. Mkewe alimwacha. Miaka thelathini na minne ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mtu huyu anayesema na vichwa vya watu kutwa nzima, jambo lake mwenyewe hulitoa kwa shida.

"Mama watoto, pengine ubaki tu."

"Nibaki wapi?"

"Hapa. Wiki tatu si nyingi. Huyu binti akiondoka wapo wengine." Akaifungua mikono yake juu ya magoti. "Hii naiamini. Lakini pumzi yangu siijui. Inatoka bila kuniuliza. Nikikuingizia ile homa tena, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu..."

Mkewe aliitazama dari yenye nyufa tisa. Kisha akauliza, polepole, kama anayeuliza habari za mtu waliyemjua zamani, "Hivi huku kupuliza kulianza lini?"

Hakuwahi kuulizwa. Ilibidi afikiri.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, alisema, na aliyemfundisha kunyoa alikuwa mtu mkali asiyetoa sifa. Siku ya kwanza alipomruhusu kumnyoa mteja ndevu kwa wembe, mteja alikuwa ameshika mikono ya kiti mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Upepo akamaliza bila kumkata. Mteja akabaki vile vile, amekaza shingo, hajui kama kumekwisha. Ndipo yule mkali akaja nyuma yake, akapuliza shingo ya yule mtu, mara moja, taratibu. Mtu akalegea, akacheka, akaachia kiti. "Akaniambia, kijana, mtu akikuinamishia shingo na wewe una wembe, anaogopa hata kama hasemi. Ukimaliza mpulizie, ajue hatari imekwisha." Upepo akainua mabega. "Ni hivyo tu. Nikaona ni jambo zuri. Nikaendelea."

Mkewe alikuwa amelala miaka yote hiyo pembeni ya pumzi hii, akidhani ni kelele tu ya kazi.

"Basi kosa lako nimeliona," alisema. "Hupulizi vibaya. Unapuliza mapema. Ukishasugua, moyo wako unadhani umemaliza, unaniambia hatari imekwisha. Na haijaisha. Dawa hata haijaingia."

Upepo akainua kichwa.

"Mwisho ni pale dawa yote iko ndani, mrija umefungwa, mkono umefunikwa. Hapo ndipo unipulizie. Shingoni, kama wanaume wenzio. Kwani mimi umenipulizia lini? Mtaa mzima unapata, mkeo sipati!"

"Wewe hukuja kwangu kunyolewa."

"Nilikuja kuolewa. Ningejua ningekaa foleni ya kunyoa."

"Mwambie, dada!" bibi wa dirishani alisema, ambaye alikuwa amefumba macho akijifanya amelala.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Robo Dakika aliweka trei juu ya meza, fomu chini ya kalamu, na kalamu mbali na mkono wake. Mke wa Upepo alikaa kitandani, amefunga nywele juu, mkono wenye mrija umelazwa kwenye taulo safi. Wodi ilikuwa kimya. Hata mtu wa mopu alikuwa amesimama mlangoni na mopu yake.

"Nanawa mikono," alisema Upepo, naye akanawa. "Navaa barakoa. Nafungua kitambaa. Nakibana kizibo. Nasugua juu, pembeni, kwenye mikunjo."

Vitanda vikahesabu kwa kunong'ona. Kumi na tano. Akaondoa kitambaa, akakishika kizibo hewani, kisiguse kitu.

Na pumzi ikaja. Aliisikia ikipanda kifuani kama chafya, imefika kooni, imefika nyuma ya meno. Akainua macho. Mkewe alikuwa ameupeleka mkono wake usio na mrija nyuma ya shingo, anajigusa pale kwa vidole viwili. Alikuwa anamtazama. Bado, yalisema macho yake. Hapa. Bado.

Pumzi ikakaa chini.

Robo dakika ni muda mrefu sana kwa watu wawili wasio na la kufanya ila kutazamana. Nyumbani hawakuwa na muda kama huo. Kulikuwa na duka, kulikuwa na watoto, baadaye kulikuwa na redio. Upepo aliona kwamba nyusi ya kushoto ya mkewe ina unywele mmoja mweupe uliosimama peke yake. Aliona kovu dogo kwenye kidevu ambalo alilijua, ila alikuwa amesahau kwamba analijua. Mkewe naye aliona kitu, kwa sababu alitabasamu, na Upepo hakuweza kuuliza ni nini.

"Kimekauka," alisema Robo Dakika, sauti yake ndogo kuliko kawaida.

Akaunganisha bomba la maji ya chumvi, akasukuma. Akasugua tena, akangoja tena, vidole viwili vikiwa bado shingoni pale. Akaunganisha dawa, akaisukuma polepole kwa dakika tano kama alivyofundishwa, na katika dakika hizo tano hakuna aliyekohoa. Ikabaki mara ya tatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu, maana mwili unajua unapokaribia nyumbani. Alisugua. Akaacha. Jasho likamshuka pembeni ya sikio. Bibi wa dirishani alikuwa amejiziba mdomo wake mwenyewe kwa viganja vyote viwili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Akaunganisha, akasukuma maji ya mwisho, akafunga kibanio cha mrija, akafunika kizibo, akavuta soksi laini ya kukinga mrija juu ya plasta, akashusha mkono wa gauni.

Robo Dakika alinyoosha mkono kuichukua kalamu.

"Subiri, binti yangu. Bado."

Akavua barakoa. Akazunguka kitanda mpaka nyuma ya mkewe. Mkewe akainamisha shingo. Upepo akakusanya pumzi yote ya siku tano, akapuliza.

Fuuuu! Kuanzia sikio hili hadi lile. Mkewe akatikisa mabega, akapiga ukelele kama msichana, na wodi ikapiga makofi. Mtu wa mopu akagonga mopu yake sakafuni.

"Hiyo ni hatua ya ngapi?" aliuliza Robo Dakika.

"Ya mwisho."

"Haimo kwenye fomu."

"Iandike."

Robo Dakika akafikiri. Akakagua mkono wenye mrija, akaona umefunikwa vizuri na uko mbali. "Shingoni tu," alisema. "Na kila kitu kiwe kimeshafungwa." Akasaini, akapuliza wino bila kujua, wote wakamcheka, naye akacheka nao, mara hii bila kugeukia ukuta.

"Na mimi je, shemeji?" bibi wa dirishani alilalamika. "Mimi siinamishi shingo?"

"Wewe ukipona njoo dukani, bibi. Utakaa foleni na Mwalimu."

Kwa wiki tatu, kila siku saa nne kasorobo, Upepo alitundika mlangoni kipande cha boksi kilichoandikwa Narudi baada ya muda, akaenda nyumbani, mtaa wa pili. Saa ya ukutani aliing'oa dukani akaitundika chumbani. Ukutani dukani ikabaki alama ya duara jeupe, na wateja walizoea kuiangalia kana kwamba bado inasema saa. Waliokuta boksi mlangoni walikaa kwenye kibaraza cha fundi viatu wakapiga soga. Homa haikuja, siku ya kwanza wala ya ishirini. Kidonda cha mguu kilikauka. Mkewe alihesabu nyufa za dari yao, akapata mbili tu, akasema kumbe nyumba ni nzima kuliko wao.

Siku ya kutoa mrija Robo Dakika alikuwa bado likizo. Muuguzi aliyekuwa zamu alifungua faili kutaka kumuuliza Upepo maswali, akasoma kitu, akafunga. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka: Mume asiulizwe. Anajua.

Kesho yake, saa nne kasorobo, Upepo alikuwa katikati ya kichwa cha Mwalimu. Akainua macho kwenye lile duara jeupe ukutani. Akaizima mashine.

"Mwalimu, nisubiri kidogo."

"Si nasikia mrija umetoka jana?"

"Umetoka."

Mwalimu alijitazama kwenye kioo, nusu amenyolewa na nusu bado. Akafikiri kama anayefanya hesabu. "Nenda," alisema. "Mimi sina haraka."

Upepo akatundika boksi lake. Nyumbani alikuta mlango umeegeshwa. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha la chumbani, nywele amezifunga juu, shingo wazi.

"Umechelewa," alisema bila kugeuka.

Upepo akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono, viganja, katikati ya vidole, na kucha, ingawa hapakuwa tena na mrija. Akaja kusimama nyuma yake. Hakuwa na haraka. Alingoja robo dakika, kwa kuitazama tu ile shingo, ndipo akakusanya pumzi.